Toa karata, mvua imeanza

Kama umewahi kukaa Kericho ama Bomet, unajua siku ya huku huenda vipi. Asubuhi jua linawaka vizuri, watu wako shambani na vikapu mgongoni, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Ikigonga saa nane, saa tisa hivi, wingu linajikusanya upande wa msitu wa Mau, na kabla hujamaliza kuanua nguo mvua imeshuka. Siku nyingine ni ile ya mawe, inayochana majani ya chai na kumwacha mathe dirishani akihesabu hasara. Haipiti dakika kumi, stima nayo inapotea.

Sasa niambie wewe. Watu sita wako ndani ya nyumba ya mabati, mvua inapiga kelele hadi redio haisikiki, stima hakuna, simu zote ziko asilimia tisa. Hao watu hufanya nini?

Kwetu, kwa miaka mingi, hawakufanya kitu. Baba alikaa karibu na mlango akiangalia mvua. Mama alikuwa jikoni. Kogo, yaani nyanya yangu, alisinzia kwenye kiti chake. Dada alibana simu hadi ikazima, kisha akalala. Mdogo wangu alichokoza paka. Na mimi, nikiwa nimetoka Nairobi, nilikuwa natafuta netiwaki kwenye kona moja ya nyumba kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka.

Tunaishi upande wa Konoin, Bomet, si mbali na Mogogosiek. Kama hujafika huko, chukua picha ya kijani uliyo nayo kichwani kisha uiongeze mara tatu. Tuna kipande kidogo cha chai, ile ya kupeleka kwenye kiwanda cha wakulima wadogo. Baba kwa miaka mingi alikuwa kibarua kwenye mashamba makubwa upande wa Kericho, hadi mashine za kuchuma chai zilipokuja na mikono ikawa mingi kuliko kazi. Unakumbuka 2023, watu walivyoandamana Kericho na mashine zikachomwa? Wakati huo mzee alikuwa tayari nyumbani. Hakuandamana. Alikaa tu karibu na mlango.

Niliposhuka huko Aprili, shule zikiwa zimefungwa, nilikuwa na pakiti moja ya karata kwenye begi. Nilikuwa nimeinunua kwa shilingi 100 pale stendi ya Kericho nikingoja matatu ijae. Na wewe unajua matatu ya kwenda mashinani hujaa lini.

Mvua ya kwanza ilipoanza nikaitoa. Mathe aliiona kabla sijaifungua.

“Hizo hazichezwi kwenye nyumba yangu.”

Usicheke. Pengine kwenu pia ni hivyo. Huku kwetu karata zina jina baya, na si bila sababu. Ya kwanza ni kanisa, hiyo unaielewa. Ya pili ni pata potea. Kama wewe ni wa juzi, pata potea ni ule mchezo wa karata tatu juu ya meza ndogo au katoni, siku ya soko. Jamaa anazizungusha mbele ya macho yako, wewe unaweka pesa kwenye ile unayodhani ndiyo. Karibu nawe kuna mtu anashinda mara mbili, mara tatu, kumbe ni mwenzake. Mjomba wangu mmoja alichezewa namna hiyo mwezi wa Oktoba, mwezi ambao bonasi ya chai huingia. Bonasi ya upande huu wa Bonde la Ufa kwa kawaida ni ndogo kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, na hata hiyo ndogo iliisha kabla ya saa sita mchana. Mke wake alikuwa ameshaandika orodha ya vitu vya kununua. Hiyo orodha mama aliiona kwa macho yake, ndiyo maana hataki kusikia habari ya karata.

Kwa hivyo nikazirudisha begini. Lakini mvua haikuacha.

Nikachukua katoni ya sabuni, rula ya mdogo wangu na biro mbili, nikachora nyoka na ngazi. Miraba 100, kumi kwa kumi. Ngazi nane, nyoka tisa, kwa sababu nyoka mmoja aliongezwa na dada kwa roho mbaya tu, pale kwenye 98. Dadu hatukuwa nayo. Tulikata vipande sita vya karatasi, tukaandika 1 hadi 6, tukavikunja na kuviweka kwenye kikombe. Vitu vya kusukuma: punje ya mahindi, kifungo cha shati, kifuniko cha soda, na mbegu ya chai aliyoileta mdogo wangu kutoka kwenye kichaka nyuma ya nyumba.

Huyu mdogo wangu ndiye sababu ya hii makala. Yuko Gredi ya 4. Ripoti yake ya muhula wa kwanza ilikuwa imesema hesabu ni “chini ya matarajio”, na yeye alikuwa amelichukua hilo neno kama jina la ukoo. Ukimuuliza saba ongeza nane ni ngapi, anakujibu hata kabla hujamaliza: “Mimi hesabu si yangu.” Ni mtoto wa miaka kumi na ameshastaafu.

Siku hiyo alicheza nyoka na ngazi saa mbili mfululizo. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba anafanya hesabu.

Niliporudi mahali penye bundles nikaanza kusoma, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu sasa, kusoma vitu usiku na kuwaandikia. Kuna watafiti wawili, Robert Siegler na Geetha Ramani, ambao mwaka 2008 walitoa utafiti wao kuhusu jambo hili hili. Walichukua watoto wa chekechea kutoka familia za kipato cha chini huko Marekani, wakawachezesha mchezo rahisi ajabu: ubao wenye miraba 10 iliyopangwa mstari mmoja, imeandikwa 1 hadi 10. Unazungusha mshale, unasonga hatua moja au mbili, unataja namba unazopita. Basi. Kikundi kingine kilicheza mchezo huo huo, ila miraba ilikuwa na rangi badala ya namba. Ilikuwa ni vikao vinne vya kama dakika 15 kila kimoja. Waliocheza na namba walipanda katika kuhesabu, kutambua namba na kujua ipi kubwa kuliko ipi, na wiki tisa baadaye bado walikuwa na hayo maarifa. Wa rangi hawakupanda.

Hebu fikiria. Jumla yake ni saa moja ya kucheza. Mimi nimepoteza saa moja nikichagua tu filamu ya kutazama.

Kilichonigusa zaidi ni kile walichokiona kuhusu nyumbani. Watoto waliosema wanacheza michezo ya ubao kwao na kwa jamaa walikuwa na ujuzi mkubwa zaidi wa namba. Tofauti kati ya watoto wa maskini na wa wenye nacho inaanza kabla hata ya geti la shule, na sehemu yake iko kwenye vitu vidogo kama hivi: nani ana mtu wa kucheza naye.

Lakini kuna siri ndani yake, na hii naomba uishike. Mwaka 2014, Elida Laski akiwa na huyo huyo Siegler waliangalia watoto wakicheza kwenye ubao wa hadi 100. Waligundua kwamba namna unavyohesabu ndiyo inayofanya kazi. Tuseme uko kwenye mraba wa 36 na umepata 3. Wengi wetu tunasema “moja, mbili, tatu” huku tukisukuma. Mtoto anayesema hivyo hajifunzi sana. Anayesema “thelathini na saba, thelathini na nane, thelathini na tisa” ndiye anayepata kitu, kwa sababu macho, mkono na mdomo vyote viko kwenye namba yenyewe.

Sasa nikwambie kilichotokea kwetu kabla sijasoma hayo. Siku ya pili ya mvua, mzee alikuwa mlangoni kama kawaida. Mdogo wangu akapata 5, akaanza “moja, mbili...” Sauti ikatoka mlangoni: “Uko wapi?” Mtoto akasema, arobaini na nne. “Basi anzia hapo. Ukipima majani ya chai na kikapu cha kwanza kimekuwa kilo kumi na nane, cha pili unaanza moja?” Mtoto akafikiria. Akaanza: arobaini na tano, arobaini na sita.

Mzee, ambaye aliacha shule darasa la sita, aligundua kwa mizani ya chai kile ambacho watu wa chuo kikuu waliandika kwenye jarida. Siku ya tatu alikuwa amevuta kiti mezani.

Na ngoja niseme kitu kuhusu hii dhana kwamba michezo ya mezani ni mambo ya wazungu na ya watoto wa Lavington. Ukitoka Kericho ukielekea Nakuru, kama kilomita 100 hivi, kuna mahali panaitwa Hyrax Hill. Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937. Ukipanda pale utaona mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba wenyewe. Watu walikaa pale na mifugo yao wakacheza hadi jiwe likawa ubao. Pwani kuna bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64, na Uganda wana omweso wenye idadi hiyo hiyo. Wajaluo hapa chini Kisumu wana ajua. Mwaka 2020 UNESCO iliorodhesha michezo ya familia hii ya mashimo kama urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ilikuwa ya Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunatafuta netiwaki.

Ludo nayo ina stori yake. Mzizi wake ni mchezo wa kale wa India uitwao pachisi, Waingereza wakaupunguza na kuusajili kama Ludo mwaka 1896. Chai pia ilifika Kenya kutoka India kupitia kwa Waingereza, ikapandwa Limuru mwaka 1903, na miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaanza kuifyekea Kericho. Kwa hivyo ukikaa ukinywa chai huku ukicheza ludo, meza yako yote imetoka bara Hindi. Hiyo ni bure, haina uhusiano na kitu kingine.

Turudi kwa karata, kwa sababu najua unataka kujua ziliingiaje.

Aliyezitoa begini ni kogo. Alikuwa ameangalia katoni ile siku nne bila kusema kitu, kisha akauliza kwa nini zile nyingine nimezificha. Mama akasema ni za kamari. Kogo akamjibu kwa Kikipsigis maneno ambayo nikiyaweka kwa Kiswahili ni kama: wazee walicheza na mbegu kwenye mashimo na hakuna ng’ombe aliyepotea kwa sababu ya mbegu, ng’ombe walipotea kwa sababu ya wazee. Mama akanyamaza. Kwetu, mkwe akishasema, imeisha. Lakini mama naye akaweka sheria yake: hakuna pesa mezani. Hata kumi. Hata peremende.

Tulianza na mchezo ambao sijui jina lake, tuliuita “Soko”. Unatoa K, Q, J na Joka, unabaki na A hadi 10, A ni moja. Watu wawili kila mmoja anafunua karata moja kwa wakati mmoja. Wa kwanza kutaja jumla anazichukua zote mbili. Mtoto akizoea, mnabadilisha, mnataja tofauti. Akizoea tena, mnazidisha. Hapo ndipo dada yangu wa sekondari ya msingi alipoanza kutoa jasho, kwa sababu saba mara nane haijali uko gredi gani. Ujanja ni mmoja: mtoto asishindanishwe na mtu mwenye kasi hadi akate tamaa. Tulimpa mdogo wangu sekunde tatu za mbele. Baada ya wiki alizikataa mwenyewe, akasema hizo ni za watoto.

Kisha tukaingia kadi. Kadi yenyewe, ile yetu, ile ambayo wengine wanaiita poka na si poka hata kidogo. Kama wewe ni Mkenya na hujui kadi, sijui ulikulia wapi, lakini nitakueleza haraka. Kila mtu anapata karata nne. Unatupa inayofanana na ya juu, kwa namba au kwa aina. 2 na 3 zinamlisha anayefuata, Joka inamlisha tano. J inaruka mtu, K inarudisha mzunguko. 8 na Q ni maswali, lazima uyajibu. A inazuia adhabu ama inakupa ruhusa ya kuitisha aina unayotaka. Ukikaribia kumaliza lazima utangaze “niko kadi”, na ukisahau, umejikosea mwenyewe. Kila mtaa una sheria zake. Je, Joka inaweza kujibiwa kwa Joka? Unaweza kumaliza na swali? Watu wa Roysambu watakwambia hivi, watu wa Litein vile.

Na hapo kwenye mabishano ya sheria ndipo kuna utamu wa kifamilia. Kabla ya kuanza, watu sita walilazimika kukubaliana. Mdogo wangu alikuwa na kura sawa na baba. Lini tena mtoto wa Gredi ya 4 hupewa nafasi ya kumwambia mzee “hapana, tulisema haikubaliki” na mzee akarudisha karata yake bila kinyongo? Mimi niliona hilo jambo likitokea na nikaangalia pembeni kidogo.

Kadi pia inafundisha kitu ambacho mitihani haifundishi, nacho ni kushikilia. Unayo K nzuri mkononi, unatamani kuitupa sasa hivi, lakini ukiingoja raundi mbili itakuokoa. Mtoto wa miaka kumi hupenda kutupa kila kitu leo. Watu wa miaka ishirini na mitatu pia hupenda hivyo.

Sasa hapa ndipo lazima niwe mkweli na wewe, kwa sababu nimekuwa nikiandika hapa muda na kila mara nasema “niliacha chuo kwa sababu ya karo”. Ni kweli, ila si yote. Karo ya muhula wa pili, mwaka wa pili, ilitumwa. Ilitoka kwenye bonasi na kwenye ng’ombe mmoja. Iliingia kwenye simu yangu Jumatatu. Nilikuwa na mpango wa kuiongeza kidogo tu, nilipe karo, nibaki na ya kodi. Unaijua ile michezo ya simu, ile inayopaa na wewe unatakiwa kutoa pesa kabla haijaanguka. Jumatano asubuhi sikuwa na karo wala kodi. Nyumbani nikasema chuo kimeongeza ada. Chuo hakikuwa kimeongeza kitu.

Kwa hivyo mama alipokataa karata, alikuwa sahihi kuhusu mtu na akakosea kuhusu karatasi. Mcheza kamari alikuwa tayari ndani ya nyumba yake, amekaa kwenye kona akitafuta netiwaki.

Nimefikiria sana tofauti ya hivi viwili. Kwenye simu nilikuwa peke yangu, saa nane za usiku, hakuna mtu wa kuniangalia usoni. Raundi moja inachukua sekunde chache na hakuna mwisho. Mezani kuna mtu mbele yako anayekujua. Zamu yako inaisha, unangoja wengine. Ukishindwa, unachangua karata tena na kitu pekee ulichopoteza ni heshima ya dakika tano. Mdogo wangu ameshindwa kwenye meza ile mara mia na bado anadai mechi ya marudiano. Mimi sikuwahi kufundishwa kushindwa hivyo, nikajifunza kwa bei ya ng’ombe.

Usinielewe vibaya, sisemi ukinunua ludo mtoto wako hatawahi kubeti. Na sisemi michezo hii ni dawa ya hesabu. Watu hupenda kuchukua stori ya Phiona Mutesi, yule msichana wa Katwe, Kampala, aliyeanza sataranji kwenye mradi wa Robert Katende hadi akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya mchezo huo, wakatengenezewa filamu mwaka 2016, basi wanaamini sataranji ni uchawi. Phiona ni shujaa, hakuna ubishi. Lakini mwaka huo huo wa 2016 Uingereza ilitoa matokeo ya utafiti mkubwa katika shule 100 za msingi: watoto waliofundishwa sataranji walipimwa hesabu mwaka mmoja baadaye, na hawakuonyesha tofauti na wenzao. Kwa hivyo kama unataka mtoto ajue namba, mpe mchezo ulio na namba ndani yake, na ukae naye utaje namba hizo kwa sauti. Ukimpa ubao wa maelfu ya pesa kisha urudi kwenye simu yako, umenunua mbao.

Mtaala huu wetu wa umilisi, tangu uanze kutekelezwa 2019, umekuwa ukiwatuma wazazi kila siku: leta manila, leta vifuniko, chapisha hiki. Wazazi wa huku wanalia, na wana haki, maana saiba iko mbali na kuchapisha ukurasa mmoja ni pesa ya sukari. Lakini ile sehemu inayosema mzazi ashiriki masomo ya mtoto haihitaji saiba. Katoni ya sabuni na biro zinatosha. Ukiwa na shilingi 100 ongeza karata.

Jioni ya mwisho kabla sijarudi Nairobi mvua ilikuwa imepungua. Wengine walikuwa wamelala. Mimi na mzee tulibaki mezani na drafti. Ubao alikuwa ameuchora mwenyewe nyuma ya ile katoni ya nyoka na ngazi, vifuniko vya soda kumi na viwili vimelala, kumi na viwili vimeinama. Drafti mzee anaijua. Miaka ya mashamba makubwa walikuwa wakiicheza kambini jioni, Mkisii, Mjaluo, Mluhya, Mkipsigis, wote kwa Kiswahili, na huko ndiko Kiswahili chake kilikotoka.

Umewahi kuona kwamba ni rahisi kuzungumza na mzazi kama hamwangaliani? Kwenye gari, shambani, ama macho yote yakiwa kwenye ubao. Sikuwa nimepanga. Nilisogeza kifuniko, nikasema: “Baba, ile karo ya mwaka wa pili. Chuo hakikuongeza ada. Niliicheza.”

Hakuinua kichwa. Taa ya sola ilikuwa inaanza kufifia. Nilimwona akihesabu miraba kwa macho, pole pole, kama anayesoma barua. Kisha akachukua kifuniko chake kimoja, akakula vyangu vitatu kwa mpigo, akafika mwisho na kupata kingi.

“Yote?” akauliza.

“Yote.”

Akanyamaza tena. Nje kulikuwa na matone tu yakidondoka kutoka kwenye mabati.

“Mama yako nitamwambia mimi,” akasema. “Wewe utamlipa mdogo wako. Si mimi, yeye. Akifika sekondari ya juu, karo ya muhula wa kwanza ni yako.” Nikasema sawa. Akasukuma ubao kidogo upande wangu ili nione vizuri.

“Cheza. Ni zamu yako.”

Tangu nirudi Nairobi nimeweka kando pesa kidogo kila wiki, kwenye akaunti ambayo siwezi kuitoa kwa simu. Ripoti ya muhula wa pili ilipokuja, hesabu ya mdogo wangu ilikuwa imesogea hatua moja, “inakaribia matarajio”. Si muujiza. Dada anasema siku hizi mvua ikianza ni mama anayeita watu mezani, na kwamba ndiye anayekataa kabisa mtu kumaliza na swali. Wikendi iliyopita mdogo wangu alinipigia kwa simu ya mzee, bila salamu, akitaka kujua jambo moja: eti huko Roysambu, mtu akiweka Joka juu ya Joka, wa mbele anakula tano au kumi?